Kitambaa Cheupe Ndani ya Sotet

Vijana wangu, naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu umelala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua ya mawe, na herufi nyingine huenda nimeziacha njiani bila kujua. Niliishia shule ya msingi, na kalamu na mimi hatujawahi kuzoeana sana. Mjukuu wangu alitaka niseme tu, yeye aandike kwenye simu, lakini nikisema maneno hunikimbia. Nikiandika polepole, jina la mtu hurudi, na nyuma ya jina uso wake hurudi pia. Mnivumilie. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua asubuhi nzima.

Nasikia wengi wenu mnaosoma jarida hili mnakwenda vijijini kufundisha watu: afya, kilimo, mambo ya maji. Mimi nilifanya kazi iliyokuja nyuma ya kazi kama hiyo. Mwalimu akishafundisha, nilitumwa kwenda kuangalia watu walisikia nini, walishika nini, nani alikuja, nani aliacha kuja na kwa nini. Siku hizi kuna watu wenye digrii ya kazi hiyo. Sisi tulikuwa wawili tu, mimi na Mama Kemunto, na kazi yetu haikuwa na jina. Watu walituita wale wanawake wa kuuliza.

Niliajiriwa miaka ya sitini ikielekea kwisha, katika ofisi ndogo ya elimu ya watu wazima mjini Kericho. Nilikuwa msichana mwenye haya kupita kiasi. Mkubwa wetu aliponiuliza jina, nilisema "Chelangat" kwa sauti ndogo hata akadhani sijajibu. Nilichukuliwa kwa sababu nilijua Kikipsigis na Kiswahili, na kwa sababu Mama Kemunto alisema, "Huyu mwenye haya nipeni mimi. Wasemaji tunao wa kutosha."

Mama Kemunto alikuwa ametoka Kisii pamoja na mume wake aliyepata kazi kwenye shamba kubwa la chai. Alichuma majani miaka mingi kabla ya kuja ofisini, na vidole vyake vilibaki na rangi ya chai isiyotoka kwa sabuni. Alitembea polepole. Alicheka bila kutoa sauti, mabega tu yakitikisika, na kama hukumjua ungedhani analia.

Somo langu la kwanza nililipata Kedowa. Bwana mmoja alikuwa amefundisha kuhusu kuhifadhi viazi, nami nikapewa kazi ya kuuliza watu waliokusanyika kanisani. Nikauliza: nani amejaribu njia hii nyumbani? Waliojaribu wainue mikono. Hakuna aliyeinua. Nikauliza: nani hajajaribu? Hakuna. Mbele kabisa alikaa mzee mmoja ambaye kila mtu alikuwa anamtazama kisogoni. Nilipouliza swali la tatu, ambalo hata silikumbuki, mzee akainua mkono kurekebisha kofia yake, na kanisa zima likainua mikono.

Nilirudi na furaha. Mama Kemunto alinisikiliza mpaka mwisho, mabega yakaanza kutikisika. "Chelangat," akasema, "umetuletea habari za kofia."

Ndipo akanifundisha njia yake. Alisema mtu aliyekalishwa kwenye benchi mbele ya mgeni hukupa jibu la benchi, yaani jibu la adabu, kama anavyokupa kiti. Ukitaka lile jibu lingine, mfuate mahali mikono yake ina kazi. Chuma majani naye, menya viazi naye, subiri naye lori kwenye kituo cha kununulia majani. Usimtazame machoni. Na usimuulize yeye anafikiri nini. Muulize wengine wanasemaje. Mtu atakupa mawazo yake yote akiyaita ya wengine, na wewe umwachie hivyo hivyo.

Kwangu mimi hilo lilikuwa kama zawadi. Tangu utotoni nilikuwa naambiwa niinue macho, na sasa kuna mtu anayetaka niyainamishe.

Sasa niwaeleze habari za darasa la upande wa Kabianga, maana ndiyo niliyokaa chini kuandika.

Upande ule kulikuwa na wakulima wadogo waliokuwa wameanza kupanda chai yao wenyewe, kila nyumba na kipande chake, na ng'ombe wawili watatu nyuma ya ua. Mama Kemunto alikuwa ameomba muda mrefu wanawake wa pale wapate darasa la kusoma, na ndani yake wafundishwe afya ya watoto, kwa sababu watoto wa pale waliharisha sana na wengine hawakupona. Mwishowe darasa likaja. Lilifanyika kanisani kila Jumatano mchana, na mwalimu alikuwa kijana kutoka Murang'a aliyeitwa Kamau.

Nataka mmjue Kamau vizuri, maana ni rahisi kumcheka. Alikuwa mwalimu wa kweli. Alijishonea vifungo mwenyewe, alijifunza salamu za Kikipsigis akiwa njiani kutoka stendi, na mama mmoja akileta mtoto anayelia, alimchukua akafundisha huku amembeba. Wanawake walimpenda, na benchi zilijaa.

Halafu zikawa tupu. Hazikupungua kidogo kidogo, ziliachwa zote pamoja. Jumatano baada ya Jumatano Kamau alifungua kanisa, akafuta ubao, akasubiri, akafunga. Mkubwa wetu akasema, "Mwisho wa mwezi namhamishia Chepilat. Kule wanaomba darasa. Hawa hawataki elimu, hatuwezi kuwalazimisha."

Tulipotoka nje Mama Kemunto akaniambia, "Darasa hilo likiondoka halirudi. Nenda ujue."

Nilianza kwa Kamau mwenyewe. Nilimuuliza darasa la mwisho lilikuwaje. Uso wake ukang'aa.

"Lile lilikuwa somo langu bora, dada. Usafi wa vyombo vya watoto. Niliwaambia walete vyombo vya nyumbani, nikaonyesha kwa mfano. Walinyamaza kabisa. Hata kikohozi hukusikia. Hakuna siku wamenisikiliza vile."

Nikaenda kwa wanawake. Nikakaa kwenye viti walivyonipa, nikapata majibu ya viti. Mmoja alisema ni mvua. Mwingine alisema majani ni mengi msimu huu. Wa tatu alisema mtoto alikuwa na homa. Yote yalikuwa kweli. Ila mvua hiyo hiyo haikuwazuia kwenda sokoni.

Basi nikaazima kikapu.

Shamba nililoingia lilikuwa la mama mmoja aliyeitwa Bot Kiprono, yaani mama yake Kiprono. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na kwenye darasa alikaa benchi ya mbele. Siku ile alikuwa upande wa juu wa shamba, na mimi nilipangwa mstari mmoja na mkamwana wake, Chebet, msichana wa umri wangu aliyekuwa ameolewa na Kiprono majuzi tu. Umande ulikuwa bado, tukajifunga magunia kiunoni. Nilikuwa na bidii sana.

"Dada," Chebet akasema baada ya muda, "unachuma kama mtu wa ofisi."

"Nachuma vibaya?"

"Vizuri. Ila unaomba kila jani ruhusa."

Tukacheka. Tukachuma. Nikauliza, macho yangu kwenye majani, "Wengine wanasemaje kuhusu darasa?"

"Wengine wanasema mwalimu ni mtu mzuri."

"Mm."

"Wengine wanasema ana sauti nzuri pia." Akatupa majani kikapuni juu ya bega bila kutazama. "Na wengine wanasema mtu hatii kitambaa chake ndani ya sotet ya mwenzake."

Nikaendelea kuchuma. Kama ningesimama, angenyamaza.

Kwa ninyi msiotoka huku, sotet ni kibuyu cha maziwa. Mama huosha kibuyu kwa maji ya moto, akakianika, kisha huchoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kiwe kaa jekundu, akakitia ndani na kukisugua kila upande kwa sosiot, ufagio mdogo wa nyuzi ngumu. Lile kaa hulainika likashika kwenye ukuta wa kibuyu. Ndani yake maziwa hukaa siku nyingi bila kuharibika, yakawa mursik, yenye rangi kidogo ya majivu. Kibuyu cheusi ndani ni kibuyu kilichotunzwa. Ukitaka kujua mke wa nyumba ni mtu wa namna gani, unaanzia hapo.

Kamau aliposema walete vyombo, Bot Kiprono alileta sotet yake ya wageni, yenye kifuniko cha ngozi na shanga. Alidhani mwalimu anataka kuwaonyesha wengine chombo kinachotunzwa. Kamau akamshukuru, akakiinua juu, akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akakisukuma ndani kwa kijiti na kukitoa. Kikatoka cheusi. Akakipitisha benchi hadi benchi. "Mnaona wenyewe," akasema. "Na mtoto anakunywa humu."

"Mimi nilikuwa nyuma yake," Chebet akasema. "Wiki nzima alikuwa ananigombeza kwamba sotet zangu hazijakolea. Halafu namwona mama wa watu anafunika kibuyu chake kwa shuka kama mtoto aliyekufa."

Tulifika mwisho wa mstari.

"Lakini wengine mbona hawaendi?" nikauliza. "Si wao walioaibishwa."

Chebet akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Nani ataanza? Ukienda, ni kama umekubali kwamba sotet yake ni chafu. Mpaka aende yeye."

Basi nilijua. Darasa zima lilikuwa limesimama nyuma ya mwanamke mmoja, na mwezi ulikuwa unakwisha.

Kumwambia Kamau ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchuma. Mama Kemunto alikuja nami, tukamkuta mlangoni pa kanisa. "Chelangat ana neno," akasema, kisha akageuka kutazama milima kana kwamba hatujui.

Nilimweleza yote. Kamau alikaa kwenye ngazi.

"Makaa," akasema.

"Makaa. Wanaweka kwa makusudi."

"Kwetu mama yangu anaosha kibuyu cha uji kwa changarawe. Anatikisa, anatikisa, mpaka maji yatoke meupe. Nilidhani nawaonyesha kitu tunachokijua sote." Akajifuta uso. "Na wewe nikakuambia walinisikiliza."

Halafu akasimama. "Jumatano nitawaomba msamaha mbele ya wote."

"Wote gani?" Mama Kemunto akauliza, bado anatazama milima. "Benchi?"

Kwa hivyo tulienda nyumbani kwa Bot Kiprono. Alitupokea vizuri, mno. Alitoa viti vya wageni, akafuta meza isiyokuwa na vumbi. Kamau akaomba msamaha kwa maneno mazuri, nami nikatafsiri. Bot Kiprono akatikisa kichwa, akasema hakuna neno, akatuletea chai ndani ya vikombe vya udongo.

Kamau akasema, "Mama, ningependa mursik."

"Hiyo yetu ni chafu, Mwalimu," akasema kwa upole kabisa. "Kunywa chai. Imechemka."

Tukanywa chai. Kamau akarudi siku nyingine, akapewa chai. Akarudi tena. Sasa alikuwa anaenda bila mimi, na Chebet ndiye aliyenieleza, akicheka, kwamba mwalimu amekunywa chai ya nyumba nzima. Nilipofuatana naye tena, hakuomba msamaha wala mursik. Alikaa kwenye nyasi karibu na Bot Kiprono, aliyekuwa anaosha vibuyu, akasema, "Mama, nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Hiyo."

"Wewe ni mwanamume."

"Mimi ni mwalimu ambaye hajui."

Bot Kiprono akamtazama. "Huna mke?"

"Sina."

"Ndio maana," akasema, na Chebet akaingia jikoni haraka kuficha kicheko.

Alimpa kibuyu kikuukuu chenye shingo iliyopasuka. Kamau akaosha, akachoma kijiti, akakitia, moshi ukamwingia machoni, akakohoa, kaa likaanguka likamchoma goti. Watoto wakaona kupitia ua. Mama zao wakaja kuwatafuta watoto, nao wakasimama. Hakuna aliyewahi kuona mwanamume akisugua sotet. Mmoja akaketi kwenye nyasi kusudi aone vizuri, na mwingine akaketi karibu naye. Nilipogeuka, uwanja ulikuwa umejaa watu wale wale waliozuiwa na mvua na majani na homa.

Bot Kiprono akanyoosha mkono. "Lete kitambaa."

Kamau akakitoa mfukoni. Bot Kiprono akakisukuma ndani kwa kijiti, polepole, kama Kamau alivyofanya kanisani, akakitoa. Upande mmoja kilikuwa cheusi na upande mwingine cheupe. Akawaonyesha watu.

"Hapa umefanya," akasema. "Hapa umeacha uchafu."

Kile kicheko nakisikia hata leo. Kamau alicheka kuliko wote, machozi yakimtoka, ya moshi na ya kicheko. Kisha Chebet akatoka jikoni na kikombe cha mursik. Hakuna aliyemtuma kwa mdomo, lakini nilimwona mama mkwe wake akimtupia jicho. Kamau akanywa yote.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo darasa liliporudi. Bot Kiprono akafuta mikono, akasema, "Haya, wewe uliyesoma. Kibuyu tunakijua. Lakini baada ya kaa, watu wengine wanasuuza kwa maji ya baridi. Na maji tunateka pale chini, ng'ombe wanaingia upande wa juu. Hayo unasemaje?"

Tangu darasa lianze, hilo lilikuwa swali la kwanza kutoka kwenye benchi kwenda kwa mwalimu. Kamau hakurukia jibu. Aliwauliza ni nani anayesuuza hivyo, na ni watoto wa nyumba gani wanaoharisha zaidi. Mama mmoja akasema maji yachemshwe. Mwingine akamuuliza kuni atatoa wapi, au atachoma mume. Wa tatu akasema ni afadhali chemchemi izungushiwe ua. Wakasema wote kwa pamoja, na mimi nikaacha kutafsiri, kwa sababu Kamau aliinua mkono kuniambia niwaache.

Vijana, nimeona njia nyingi za kupima mafundisho tangu siku zile. Baada yetu yalikuja magari yenye vipaza sauti, yakaja maswali yaliyochapwa yenye visanduku vya kutia alama, siku hizi najua mnabonyeza kwenye simu. Sina ugomvi na visanduku. Ila hakuna kisanduku cha ukimya. Watu wakinyamaza, huenda wamekubali, huenda wamechoka, na huenda umewaumiza na wana adabu mno kukuambia. Mimi nilizoea kusubiri mabishano. Watu hubishana juu ya kitu wanachokusudia kukifanya.

Mwisho wa mwezi mkubwa wetu alikuja na gari lake kumchukua Kamau. Mama Kemunto alikataa kuja. "Leo utasema wewe," akaniambia. Mkubwa akafungua mlango wa kanisa, akaona benchi.

"Kama nilivyosema," akasema. "Hakuna mtu."

"Huku hakuna, bwana," nikasema. "Wako kwa Bot Kiprono."

Tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa anagombana na jirani yake kama ua wa chemchemi uwe wa miba au wa nguzo, na Kamau alikuwa anaandika maneno yale yale kwenye ubao ulioegemezwa kwenye ghala, miba, nguzo, maji, na wanawake wanayasoma huku wanabishana. Mkubwa akasimama. Bibi mmoja akasogea kidogo kumpa nafasi kwenye nyasi, akaendelea kusema.

"Wameelewa somo?" akaninong'oneza.

"Wanabishana, bwana," nikasema. "Siku waliyoacha kuja hawakubishana."

Alikaa pale na suti yake mpaka wingu la mvua likafika. Kisha akaenda kwenye gari, akashusha sanduku la Kamau lililokuwa limeshapakiwa, akaliweka chini.

Sitaki mdhani kila kitu kilinyooka. Ua wa chemchemi ulivunjwa na ng'ombe, ukajengwa upya, ukavunjwa tena. Wengine hawakuchemsha maji kamwe. Lakini darasa lilibaki, na watoto wa nyumba zile za chini walianza kunenepa, na Bot Kiprono alisoma jina lake mwenyewe kwenye risiti ya majani.

Kamau alipokwenda kwao likizo, Bot Kiprono alimpa ile sotet ya wageni, imejaa. "Mpelekee mama yako," akasema. "Mwambie asitie kitambaa." Alisafiri nayo kwenye basi amepakata kama mtoto. Aliporudi tulimuuliza mama yake alisemaje.

"Aliyapenda. Alimaliza yote," Kamau akasema. Kisha akainama. "Halafu akakiosha kwa changarawe mpaka kikawa cheupe."

Bot Kiprono alicheka hata akakaa chini. "Mlete," akasema. "Mlete huyo mama, tumfundishe na yeye."

Na alikuja kweli, mwaka uliofuata, na mfuko wa changarawe, wakakaa wawili kwenye nyasi siku nzima bila lugha moja kati yao, kila mmoja akimwonyesha mwenzake alivyokosea.

Niandikieni, vijana. Barua zipitie kwa mhariri, ananijua. Nielezeni mtu mmoja aliyeacha kuja kwenye mafundisho yenu, na kama mliwahi kujua kwa nini. Kama hamjui bado, nendeni kwanza mkamsaidie kazi aliyonayo mikononi, halafu mniandikie. Nitajibu kila barua. Nitachelewa, lakini nitajibu.